Uchambuzi: Motown 25, onyesho zima na si ile Billie Jean peke yake

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo tunazungumzia Motown 25: Yesterday, Today, Forever, tamasha la kuadhimisha robo karne ya Motown, lebo ya kurekodi muziki ya Marekani. Lilirekodiwa Machi 25, 1983 kwenye ukumbi wa Pasadena Civic Auditorium, California, likarushwa na televisheni ya NBC Mei 16 mwaka huohuo, na watu wapatao milioni 47 waliliangalia Marekani. Wengi wenu mmeshaona kipande chake hata kama hamkujua kinatoka wapi. Ni kile cha Michael Jackson, glovu moja mkononi, anaenda kinyumenyume huku miguu inaonekana inakwenda mbele.

Mimi leo nataka muangalie lote. Na nasema mapema ili mtu asisubiri hadi mwisho: kwangu mimi hili ndilo onyesho bora la muziki wa soul lililowahi kupita kwenye televisheni. Na ndani yake kuna dhuluma moja ambayo kila nikiliangalia inaniuma, nayo nitaieleza yote.

Twende haraka kwenye historia kwa wale ambao jina Motown ni geni. Berry Gordy alikuwa kibarua wa kiwanda cha magari Detroit, kwenye mstari wa kuunga magari ya Lincoln na Mercury. Mwaka 1959 familia yake ilikuwa na mfuko wa kuweka na kukopa, akakopa humo dola 800 na kuanzisha lebo ya Tamla, ambayo ndiyo ilikuja kuwa Motown. Akanunua nyumba ya kawaida tu, namba 2648 West Grand Boulevard, akabandika mbele yake maneno Hitsville U.S.A. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo mno, na humo zikatoka nyimbo zilizozunguka dunia nzima. Mkipiga hesabu mtaona kuanzia Januari 1959 hadi Machi 1983 ni miaka 24 na miezi miwili, siyo 25. Mtu akikuuliza, jibu ni hilo.

Sasa, jambo la kulijua kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza ni hili: usiku ule wengi wa wale mastaa walikuwa wameshahama. Diana Ross alikuwa ameenda lebo ya RCA mwaka 1981. Marvin Gaye alikuwa lebo ya Columbia. Michael na kaka zake walikuwa lebo ya Epic tangu katikati ya miaka ya 70, isipokuwa Jermaine, ambaye alibaki Motown kwa sababu alikuwa amemwoa Hazel, binti wa Berry Gordy. Marvin naye alikuwa shemeji wa zamani, alimwoa Anna, dada yake Gordy, wakaja kuachana. Kwa hiyo hapa hamuangalii kampuni inajipongeza na wafanyakazi wake. Mnaangalia kikao cha ukoo: mkwe yupo, shemeji aliyeachana na dada wa mwenye nyumba yupo, waliogombana na mzee kuhusu pesa wapo, na mzee mwenyewe amekaa juu ghorofani anawatazama. Aliyewakusanya ni mtayarishaji Suzanne de Passe, ambaye alianza Motown akiwa msaidizi wa Gordy. Kuwarudisha watu wale kwenye jukwaa moja, kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko taa na mapambo yote mtakayoyaona.

Haya, tuanze na Michael, maana najua wengine mmekuja kwa ajili yake. Kwanza wanapanda ndugu wote, pamoja na Jermaine, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Wanapiga mchanganyiko wa vibao vyao vya utotoni. Wakifika I'll Be There, Michael na Jermaine wanaimba kwa maikrofoni moja. Pale simamisha, rudisha nyuma, uangalie nyuso zao. Hakuna mwongozaji anayeweza kumfundisha mtu sura ile.

Halafu ndugu wanaondoka, Michael anabaki peke yake. Anawaambia watu kwamba zile nyimbo za zamani anazipenda, ila anazipenda zaidi mpya. Muziki unaanza: Billie Jean. Huo ni wimbo wa Epic, na ndio wimbo pekee usio wa Motown katika onyesho zima. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake la kukubali kuja: nipeni nafasi ya wimbo wangu. Na kwa haki, wiki zile Billie Jean ilikuwa namba moja Marekani.

Tuseme ukweli, sauti mnayoisikia pale ni pleibeki, yaani imerekodiwa tayari. Kinachofanyika moja kwa moja ni mwili. Nataka muangalie kitu kimoja tu: suruali imekatwa juu ya kifundo, soksi zinameremeta, viatu vyeusi. Koti jeusi linang'aa na kofia inavutia, ni kweli, lakini mpangilio wote ule umefanywa ili jicho lako lishuke miguuni. Ukiwa umekaa mbali kabisa ukumbini bado ungeona kila hatua. Ule mwendo wa kurudi nyuma wenyewe ni wa sekunde chache tu. Wala hakuubuni yeye. Mcheza dansi Bill Bailey aliufanya mbele ya kamera miaka ya 50, na Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar aliuonyesha kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1982. Alichofanya Michael ni kujua auweke wapi, kwenye kipande gani cha wimbo, na aukate lini kabla hujashiba. Fred Astaire, mcheza dansi mkubwa wa filamu za Hollywood, alimpigia simu kumpongeza.

Basi, hapo natosheka. Kipande hicho kimechambuliwa miaka 40 na zaidi. Nataka twende kwa Marvin Gaye.

Marvin anakaa kwenye piano peke yake. Haimbi. Anapiga polepole huku anazungumza kuhusu safari ya muziki wa watu weusi wa Marekani, ulikotoka na ulikopitia. Vidole vinatembea kwenye blues, vinagusa gospel, vinahama, naye anaongea kwa sauti ile yake laini kama vile hakuna kamera wala watu. Televisheni ya biashara, saa za watu wengi, halafu mtu anapewa muda wa kufikiri kwa sauti. Mtayarishaji mwoga angekata pale. Hawakukata. Kisha anasimama, anaingia What's Going On.

Wimbo huo una historia inayohusu usiku huohuo, na hii wengi hawaijui. Wazo lake lilianza na Renaldo Benson, wanamwita Obie, mmoja wa waimbaji wanne wa Four Tops. Mwaka 1969 aliona polisi wakiwapiga vijana waandamanaji kule Berkeley, California, akajiuliza kuna nini hapa. Akaanza kuutunga pamoja na Al Cleveland. Wenzake wa Four Tops hawakuutaka, waliona ni wimbo wa maandamano. Ukaenda kwa Marvin, akauongeza maneno na kuutia roho yake. Berry Gordy naye hakuupenda kabisa. Ulipotoka Januari 1971 ukauzika kwa wingi sana, hadi Gordy akataka albamu nzima ya namna ile. Kwa hiyo usiku ule Pasadena, Marvin anauimba, Obie Benson yuko kwenye onyesho hilohilo na kundi lake, na aliyeukataa ndiye anayepigiwa makofi. Mkiijua habari hii, dakika zile zinabadilika kabisa.

Na Marvin alikuwa na muda mfupi. Aprili 1, 1984, siku moja kabla hajatimiza miaka 45, aliuawa kwa risasi na baba yake mzazi. Ni mwaka mmoja na wiki moja baada ya kurekodiwa kwa onyesho hili.

Sehemu nyingine ya kuikalia ni mpambano wa Four Tops na Temptations. Makundi mawili, wanaume tisa, suti zimepigwa pasi, wanapokezana vibao. Hawa wakimaliza kipande cha Reach Out, wale wanaingia na Get Ready, hawa wanajibu tena. Kwa sisi tuliokulia kwenye habari za mashindano ya bendi na vikundi vya taarabu, mtaelewa mara moja kinachofanyika pale: kuna kujigamba, kuna kuchokozana, na kuna heshima ndani yake. Levi Stubbs wa Four Tops ana sauti ya mtu anayeomba na kuamrisha kwa pamoja. Melvin Franklin wa Temptations anashuka chini kabisa mpaka spika inatetemeka. Four Tops walikuwa ni walewale wanne tangu miaka ya 50, hakuna aliyetoka. Temptations wao walikuwa wamebadilisha watu sana, na usiku ule sauti kubwa ilikuwa ya Dennis Edwards. Mpambano ulipendwa kiasi kwamba makundi hayo mawili yakazunguka pamoja kwenye ziara baadaye.

Wanapofika My Girl, nawaomba msimamishe tena. Weka spika za masikioni, za simu hazitoshi kwa hili. Kisha nenda utafute rekodi ya asili ya mwaka 1964. Kabla hajaimba mtu, kabla gitaa halijapanda ile ngazi yake, linaanza gitaa la besi peke yake. Noti chache tu, zinajirudia, zina nafasi katikati, unaisikia hewa ya chumba. Mtu yeyote hapa Afrika Mashariki aliyewahi kwenda kwenye harusi anaitambua nyimbo ile kwa besi hiyo tu, hajasubiri neno.

Aliyepiga besi hiyo ni James Jamerson. Na hapa ndipo ilipo ile dhuluma.

Jamerson alikuwa mmoja wa Funk Brothers, wapigaji wa ndani wa Motown, wale waliokuwa wanashinda kwenye kile chumba kidogo cha Detroit wakipiga kwa ajili ya kila mtu. Supremes (kundi la kina dada la Diana Ross), Temptations, Four Tops, Stevie Wonder, Marvin: sauti zilibadilika, wapigaji walikuwa ni haohao. Jamerson alikuwa anachapa nyuzi kwa kidole kimoja cha shahada, wenzake wakakiita ndoano. Kabla yake besi kwenye nyimbo za kuuza ilikuwa inakaa nyuma, inashikilia mdundo basi. Yeye aliifanya iongee. Sikiliza besi ya What's Going On yenyewe, uifuate mwanzo hadi mwisho uache sauti ya Marvin ipite. Ni wimbo mwingine kamili pale chini. Inasimuliwa kwamba siku ya kuirekodi alikuwa amelewa, hawezi kukaa vizuri, akaipiga akiwa amelala chali sakafuni.

Kwa miaka yote ya 60 majina ya watu hawa hayakuwa yanaandikwa kwenye makasha ya santuri. Ni albamu ya What's Going On, mwaka 1971, ndiyo iliyowaandika. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles, na wapigaji wengi wakaachwa Detroit na maisha yao. Jamerson alifuata Los Angeles, kazi ikawa inapungua, pombe inaongezeka.

Sasa Machi 1983, sherehe ya sauti aliyosaidia kuiumba. Hakualikwa jukwaani. Alijitafutia tiketi mwenyewe, akakaa kule nyuma pamoja na watazamaji wengine. Chini yake wanapita mastaa wanapigiwa makofi kwa nyimbo zinazoanza na vidole vyake. Onyesho likarushwa Mei. Agosti 2, 1983 Jamerson akafariki, ana miaka 47.

Nimelisema hili taratibu kwa sababu nataka muelewe kwa nini naliondolea onyesho hili alama. Saa mbili za televisheni zilikuwepo. Adam Ant, msanii wa pop kutoka Uingereza ambaye hakuwa na historia yoyote na nyumba ile, alipewa nafasi aimbe Where Did Our Love Go. Sina ubaya naye, alifanya alichoombwa. Lakini Mary Wells, aliyeipa Motown namba moja na My Guy mwaka 1964, anapita kwa muda mfupi mno. Martha Reeves vivyo hivyo. Junior Walker na saksafoni yake, vivyo hivyo. Waliojenga msingi wanapitishwa haraka, na wapigaji hata kupungiwa mkono kwa pamoja hakuna. Dakika tano zingetosha kuwasimamisha Funk Brothers na kusema hawa ndio bendi. Televisheni ilijua nani ana sura ya kuuza, na huo ndio ugonjwa wa sherehe za namna hii mpaka leo, pamoja na za kwetu. Tunawapa tuzo waimbaji, mpiga solo wa bendi ile tunayoilia kila siku tunamsikia siku ya msiba.

Mengine niyapitie. Supremes: Diana Ross anaingia akipita katikati ya watu, kisha mwishoni wanapanda Mary Wilson na Cindy Birdsong kwa Someday We'll Be Together. Ni fupi na kuna baridi fulani. Jukwaani Diana alimsukuma Mary, na kipande hicho kikaondolewa kabla ya kurushwa. Florence Ballard, mwanzilishi mwenzao, alikuwa ameshafariki tangu 1976. Smokey Robinson akiwa na kundi lake la Miracles yuko vizuri sana, na akiimba na mwimbaji Linda Ronstadt yuko vizuri zaidi. Stevie Wonder ni Stevie Wonder. Mchekeshaji Richard Pryor ndiye mshereheshaji, na nampenda Pryor, ila maneno aliyoandikiwa hayana makali yake.

Kitu kingine cha kuwapongeza: mapato ya usiku ule yalikwenda kwenye chama cha kitaifa cha ugonjwa wa selimundu cha Marekani. Sisi tunaujua ugonjwa huu, karibu kila mmoja ana familia anayoifahamu. Paul Williams, mwimbaji mwanzilishi wa Temptations na aliyetunga hatua zao nyingi za kucheza, aliugua selimundu maisha yake yote.

Kuhusu sisi huku. Mei 1983 Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa, ilikuja 1994. Zanzibar ndio walikuwa nayo. Kwa hiyo wengi huku tuliliona kwa kanda za video zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine, picha inaruka, rangi zimefifia, na mara nyingi ilikuwa ni Michael tu, mengine yamekatwa. Ndiyo maana nafikiri watu wa huku tunalijua onyesho hili kwa kipande. Lakini muziki wenyewe ulikuwa umeshafika kitambo, tena ukaleta mtafaruku. Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani, ambao wakati huo Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, alipiga marufuku muziki wa soul jijini. Ilikuwa enzi za Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU unapambana na sketi fupi na suruali za kubana, na soul ikawekwa kwenye kapu hilohilo la utamaduni wa kigeni. Nikiangalia Marvin kwenye piano anaeleza muziki huu umetoka kwa watu gani na katika mateso gani, naona kwamba marufuku ile ilimpiga ndugu ikidhani inampiga mkoloni. Hayo ni maoni yangu, na nipo tayari kuyajadili.

Tumalizie na mambo ya bidhaa yenyewe. Ilitoka kwenye DVD mwaka 2014, imetolewa na StarVista na Time Life. Tafuta toleo lenye diski zaidi ya moja ukiweza, kwa sababu mahojiano na nyongeza ndizo zinazokupa nyuma ya pazia, na onyesho peke yake halikuambii hayo niliyowaeleza. Picha ni ya kamera za video za 1983, ya mraba, ina ukungu kidogo kwenye mwanga mkali. Usiiangalie kwenye skrini kubwa kupita kiasi ukiwa karibu. Sauti imehifadhiwa vizuri kuliko picha. Kabla ya kununua kwa mtu anayeleta mizigo kutoka Marekani, angalia alama ya eneo nyuma ya kasha, maana diski nyingi za kule zinagoma kwenye deki za huku. Nakala za mitaani ziacheni, zimekatwakatwa na mtakosa kile cha piano.

Alama zangu: nane na nusu juu ya kumi. Moja na nusu niliyoitoa ni ya Jamerson na wenzake. Ukimaliza kuliangalia, tafuta filamu ya Standing in the Shadows of Motown ya mwaka 2002, hiyo inawahusu Funk Brothers wenyewe na utawaona nyuso zao wakipiga.

Na wale wenye wazazi au babu waliokuwa vijana Dar mwaka 1969, waulizeni: baada ya ile marufuku, soul ilizimwa kweli, au watu walifunga milango wakaendelea kucheza? Niandikieni hapo chini walichowaambia, na taja na mtaa.